Mnyororo wa kinga tuuweke wapi?

Tuliwaahidi kwamba juma hili tungezungumza juu ya mbegu za lengalenga. Tutazungumza juma lijalo, lengalenga haikimbii. Leo kuna jambo lililopata familia ya mwenzetu mmoja, na yeye mwenyewe ametuomba tuliandike, ila jina lake lisitajwe.

Mwana wake ana miaka 14. Asubuhi mapema anachukua ndagala ufukoni, anazifunga kwenye kinga, anazipeleka pale mama yake anapouzishia, ndipo anaenda masomoni. Kinga hiyo ni ya pili. Ya kwanza iliibwa mwaka jana mbele ya kanisa, mchana kabisa, watu wakiimba ndani. Mama alikaa miezi mingi akiweka pesa kidogo kidogo mpaka akapata nyingine, na siku ile ile akanunua mnyororo mnene na kadena kubwa. Akamwambia mtoto: “Huu mnyororo usiuache hata dakika moja.”

Mtoto akatii. Aliuvaa shingoni mara mbili, akafunga kadena ili usidondoke njiani, ufunguo akautia mfukoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akienda kila siku, na sisi tulikuwa tukimwona akipita. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno. Wengine tulisema huyo mtoto ana akili, anatunza mali.

Asubuhi moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alipovuka reli, hakuivuka moja kwa moja, aliivuka kwa upande, na gurudumu la mbele likateleza juu ya chuma kilicholowa. Akaanguka kifudifudi. Kadena ilimpiga mdomoni, ikavunja meno mawili. Hayo si makubwa. Mnyororo ulinasa kwenye ncha ya usukani, na kinga pamoja na mzigo wake ikalala upande wa pili, ikimvuta shingo. Watu walikuja mbio. Walitaka kuutosha mnyororo, haukutoka, kwa sababu ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa umeruka kutoka mfukoni na kupotea katikati ya ndagala na matope. Mzee mmoja aliinua kinga kwa mikono miwili na kuishikilia hivyo ili mtoto apumue, mpaka fundi alipoletwa na msumeno wa chuma. Alikata pingili moja. Mtoto yuko nyumbani, anakula uji, alama ingali shingoni.

Katika mkutano wetu mama yake alisema jambo moja tu: “Ni mimi niliyemwambia asiuache.”

Hapo maneno yakawa mengi. Wamoja walisema minyororo itupwe yote. Wengine waliuliza, je, kinga ikiibwa tena, mtoto atakula nini? Sisi tunaoandika ukurasa huu hatusemi mnyororo utupwe. Kinga katika nyumba zetu si mchezo. Ni mguu wa mama sokoni, ni mfuko wa makala, ni ada ya masomo, ni mgonjwa anayepelekwa santi ya afya usiku wakati motari hawapo au wanataka pesa usiyokuwa nayo. Asiyefunga kinga yake Kalemie anajua mwenyewe anachotafuta. Lakini mwili wa mtu si mahali pa kufungia chuma. Hiyo ndiyo shauri yetu, na tunataka kueleza sababu, kwa maana kusema tu “acheni” hakumsaidii mtu aliye na mzigo kwenye karia na hajui mnyororo auweke wapi.

Tuanze na uzito. Mnyororo wenye chuma cha unene wa milimita 8, urefu wa mita moja, unakaribia kilo moja na nusu. Ongeza kadena nene, unasogea kwenye kilo mbili. Chukueni kilo mbili za unga wa muhogo, mzifunge shingoni kwa kamba, mpande kinga. Hakuna anayekubali. Lakini kwa kuwa ni chuma na kinang'aa, vijana wanaona ni urembo. Mtu akianguka, mwili wake unasimama ghafula, chuma kinaendelea na safari. Kinapiga meno, au kifua, au kinaingia kati ya mfupa wa mgongo na ardhi. Nguo ikinasa inaweza kupasuka na kukuachilia. Mnyororo haupasuki, ndiyo kazi yake.

Ubaya wa kitu cha shingoni kwenye gurudumu ulijulikana zamani. Mwaka 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi mmoja wa Marekani aliyesifika sana, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi akiwa amevaa kitambaa kirefu shingoni. Kitambaa kilijizungusha kwenye gurudumu la nyuma, akafa pale pale barabarani. Na hicho kilikuwa kitambaa. Wamama wanaokaa nyuma kwenye kinga au pikipiki na kikwembe kikining'inia, mmesikia.

Wengine wanauvaa kwa kukatisha, kutoka bega moja mpaka chini ya mkono wa pili, kama mkanda wa askari. Ni afadhali kidogo kuliko shingoni, lakini ukiinama kukanyaga pedali unateleza mbele na kuning'inia, na ukianguka mara nyingi unapanda shingoni. Tena kuna jambo ambalo wanaume hawalifikirii: mama mwenye mtoto mgongoni. Mnyororo wa begani unapita pale pale kichwa cha mtoto kinapolala. Kila shimo la barabara, chuma kinagonga kichwa kile. Tumeona hivyo kwa macho yetu, hapa hapa mjini, na mama mwenyewe hakujua kwa nini mtoto analia.

Wanaobaki wanauvaa kiunoni. Hapa tulibishana kweli. Mmoja wetu alisema: “Mbona wanaume wanaoleta makala kutoka njia ya Nyunzu wanaufunga kiunoni na hawafi?” Ni kweli wanaufunga. Lakini watazameni vizuri. Kinga yenye mifuko ya makala haipandwi, inasukumwa. Yule baba anatembea kwa miguu. Akijikwaa anaanguka kama mtu anayetembea, kinga inaangukia upande wake. Kijana anayeiga mavazi yake huku akiteremka kwa kasi hajaiga jambo lile lile.

Kuna hata wanaoishi kwa kazi hiyo. Wajumbe wa New York wanaopeleka barua na mizigo kwa baiskeli wanajulikana kwa kuvaa mnyororo kiunoni. Na Uingereza kuna kampuni inayoitwa Hiplok inayotengeneza mnyororo wa kuvaliwa kama mkaba. Lakini namna ulivyotengenezwa inatufundisha: umevishwa kitambaa, na ukiuvaa haufungwi kwa ufunguo. Unashikwa kwa kitu kinachofunguka ukivuta kwa mkono mmoja. Hata wao waliofanya biashara ya jambo hili hawataki mtu ajifunge kadena mwilini.

Kwa hiyo, ambaye hana namna nyingine, anayezunguka mlango kwa mlango na samaki na kusimama mahali kumi kwa siku, auvae kiunoni, na auvae hivi: ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Mifupa ya nyonga ina nguvu. Tumboni kuna ini na wengu, na vitu hivyo havipendi kugongwa na chuma. Uvishwe mpira wa ndani wa gurudumu uliozeeka. Kadena ikae ubavuni, isikae nyuma kwenye uti wa mgongo wala mbele. Na usifungwe kwa kadena, ufungwe kwa fundo la mpira ambalo mtu mwingine yeyote anaweza kulivuta likafunguka. Mama mwenye mimba asiuvae kabisa, hata mwezi wa kwanza. Mama aliyefunga mtoto kwa kikwembe vilevile, kwa sababu fundo la kikwembe na mnyororo vitagombana kiunoni, na kitakacholegea ni kikwembe.

Lakini mahali pazuri pa kubebea mnyororo ni kinga yenyewe. Si kwenye usukani. Tunajua ndipo wengi wanapoutundika, unaning'inia mbele kama pembe za mbuzi, na unapopinda unavuta mkono, na ncha ikichungulia kwenye gurudumu la mbele, kinga inasimama papo hapo nawe unapita juu yake. Si juu ya mzigo kwenye karia pia, maana unaruka na kudondoka na utagundua umefika bila mnyororo. Uzungushe kwenye bomba la chini ya kiti, mara mbili au tatu, uukaze, ndipo ufunge kadena hapo hapo. Ukibaki mrefu, malizia kwenye bomba la fremu na uufunge kwa mpira wa ndani usigonge-gonge. Kabla ya kupanda, geuza pedali mzunguko mzima na uone kama hakuna kinachogusa goti, cheni au kikwembe. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba.

Sasa, kwa wale wanaokwenda mahali pamoja kila siku, na ndio wengi wetu, kwa nini mnyororo uende na kurudi? Swali hilo aliuliza bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, akichambua mchele. Tulitazamana. Miaka yote hii tunabeba chuma asubuhi kwenda sokoni na jioni kurudi nacho, na kinga usiku inalala ndani ya nyumba pamoja nasi, pembeni ya masufuria, ambapo haihitaji mnyororo. Chuma kinahitajika sokoni. Basi kilale sokoni.

Tumefanya hivi. Wamama 15 tunaouzisha upande mmoja tulitoa kila mmoja franka 3.000. Tulinunua mnyororo mrefu na tukaufunga kwenye nguzo iliyochimbiwa, kwa ruhusa ya mwenye kibanda. Asubuhi kinga zinapangwa ubavu kwa ubavu, mnyororo unapita ndani ya fremu ya kila moja. Tunasema fremu. Aliyefunga gurudumu la mbele peke yake atarudi akute gurudumu la mbele peke yake. Funguo ziko mbili, kwa wamama wawili ambao hawaondoki kabla ya saa kumi. Anayetaka kutoka mapema anaita, anafunguliwa, wengine wanafungwa tena. Ni usumbufu, tunakubali. Tayari kuna waliogombana siku ya pili. Lakini watoto wetu sasa wanapita reli na shingo tupu.

Tusidanganyane kwamba kadena inamaliza wizi. Mwaka 2004 huko Marekani iligundulika kwamba kadena za baiskeli za Kryptonite zenye ufunguo wa duara, zilizosifiwa kuwa ngumu kuliko zote, zilifunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic. Kalamu hizi hizi za watoto wetu. Kampuni ililazimika kuwabadilishia watu kadena. Kinachomchelewesha mwizi ni chuma pamoja na macho ya watu, na sokoni macho yapo. Mbele ya kanisa siku ile hayakuwapo, yote yalikuwa yamefumbwa kwa maombi.

Neno moja juu ya kutunza. Unyevu wa ziwa na vumbi la barabara vinaiua kadena upesi. Msitie mawese ndani ya tundu la ufunguo, tumeona wanaofanya hivyo: mafuta yanashika vumbi na yanakuwa kama ugoro. Chukueni kalamu ya risasi ya mtoto, saga ncha yake, tieni ule unga mweusi, ingizeni ufunguo na kuugeuza mara kadhaa. Utalainika.

Siku ya mkutano ujao, kila mmoja alete mpira wa ndani uliotoboka, hata wenye viraka kumi. Tutakata na kushona vifuniko vya minyororo kwa wale wanaozunguka mitaani, na vijana waje pia, wasikie kwa masikio yao. Mwana wa mwenzetu amesema atakuja kuonyesha namna ya kuzungusha chini ya kiti.

Na mnyororo wake, ule uliokatwa na msumeno, haukutupwa. Ulipoteza pingili moja tu. Tuliuunganisha na ule mpya kwa kadena yake ile ile kubwa, kwa sababu mita tulizonunua hazikutosha kinga 15. Ufunguo wake ulipatikana baada ya siku nne, ndani ya beseni, chini ya ndagala.