Mazungumzo ya Jumapili: Shujaa Hupimwa kwa Adui Wake

Ndugu msomaji, juzi mjukuu wangu alinijia barazani na kitabu cha hadithi za picha mkononi. Alikuwa amekisoma chote, naye hakuonekana kuridhika. Akaniuliza: "Babu, huyu adui alikuwa anataka nini hasa?" Swali la mtoto halidharauliwi, nikakichukua nami nikakisoma. Nilipofika mwisho, sikuwa na jibu la kumpa.

Hadithi yenyewe ni ya Marekani, na ilitoka kwanza mwaka 1960 katika toleo la 28 la jarida liitwalo The Brave and the Bold. Mtunzi alikuwa Gardner Fox, na mchoraji Mike Sekowsky. Ndiyo iliyowakusanya kwa mara ya kwanza mashujaa wa kikundi cha Justice League of America: Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Green Lantern, Aquaman, na J'onn J'onzz atokaye sayari ya Mirihi.

Basi, mbele ya watu saba kama hao, mmoja mwenye mbio zisizo kifani, mwingine mwenye pete itendayo karibu kila alitakalo mvaaji, mtunzi amemweka nani? Kiti cha pweza! Naam, kiumbe yuleyule mwenye mikono mitano ambaye watoto wa pwani humwokota maji yakupwapo. Huyu aitwa Starro. Ni mkubwa ajabu, ana jicho moja katikati ya mwili, ametoka mbali angani, na ataka kuitawala dunia. Kwa nini aitake dunia? Haelezi. Ataifanyia nini akiipata? Hatuambiwi.

Starro awageuza viti vya pweza watatu wa kawaida kuwa wasaidizi wake. Mmoja apora nguvu za bomu la atomiki, wa pili awateka wataalamu ili anyonye elimu yao, wa tatu autia uzito wa akili mji mzima. Mashujaa wagawana kazi, na kila upande wapata ushindi. Superman na Batman hawaonekani ila kidogo. Mwishowe yagunduliwa kwamba kijana mmoja, Snapper Carr, hakudhurika kwa sababu alikuwa amemwagia chokaa majani ya uwanja wa nyumba yao. Chokaa yaletwa, Starro afunikwa nayo, na hadithi yaisha.

Nisiwe mwenye choyo wa sifa. Wazo la chokaa si la kubuni tu, kwani wafugaji wa chaza wamepata kuitumia kweli kuwaua viti vya pweza walao chaza wao. Tena ni jambo jema kwamba kijana asiye na uwezo wowote wa ajabu ndiye aletaye ufumbuzi. Lakini ushindi usio na gharama hauna ladha. Hakuna shujaa hata mmoja aliyelazimika kuchagua kati ya mambo mawili mazito, wala aliyejitazama akajiona ana kasoro.

Linganisha na kikundi kingine cha huko huko, Fantastic Four, walioanza mwaka 1961 kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka 1962, katika toleo lao la tano, aliingia Doctor Doom. Huyu si mdudu wa angani. Alisoma chuo kimoja na Reed Richards, kiongozi wa kikundi. Reed alimwonya kwamba hesabu zake zina kosa. Kiburi kikamzuia kusikia, mtambo ukalipuka, akaharibika uso. Tangu hapo amchukia mwenzake aliyesema kweli. Kila wapiganapo, Reed apigana na mtu mwenye akili kama yake aliyefuata njia nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wazee wetu walilijua hili zamani. Fumo Liyongo hakushindwa kwa mishale wala kwa kifungo. Mfalme wa Pate alipokata tamaa, alimtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, akamhadaa kwa ahadi ya ndoa, na kijana akamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Msikilizaji hutetemeka kwa sababu adui amelala chini ya paa moja na shujaa.

Pengine utasema, ndugu msomaji, kwamba haya ni mambo ya kitoto. La! Mtoto ajifunzaye daima kwamba ubaya una jicho moja na hutoka mbali, ataelekeza macho yake mbali. Atamkimbia mgeni mwenye sura asiyoizoea, na kumwamini jirani amwitaye nyuma ya nyumba kwa peremende. Nasi wazazi twajua kwamba watoto wengi waliodhuriwa, walidhuriwa na watu waliowajua kwa majina.

Sikumnyang'anya mjukuu wangu kitabu chake. Nilimwambia hivi: "Huyo alitaka kutawala, na mtunzi hakujisumbua kufikiri zaidi." Kisha nikamsimulia habari za Liyongo hadi kwenye sindano. Alinyamaza kitambo, akauliza: "Na yule mwana, alijuta?" Tulikaa barazani mpaka giza likaingia, tukilizungumza swali hilo.