Nusu hatua inayowatia waamuzi wa softiboli mtihanini

SOFTIBOLI ya wanawake itakaporejea katika Olimpiki ya Los Angeles 2028, baada ya kuachwa nje jijini Paris 2024, huenda sheria moja ikazua ubishi. Mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kituoni kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Akitangulia, anatolewa, na mrusho huo hauhesabiwi.

Kwenye besiboli hakuna kizuizi hicho. Anayenuia kuiba kituo hujisogeza apendavyo. Lakini vituo vya softiboli vimeachana kwa futi 60 tu, si 90.

Shida ni kwamba mwamuzi lazima aone mkono na mguu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, anayefumbia macho nusu hatua anamdhulumu mdakaji, ambaye tayari hana muda wa kuuwahisha mpira kituo cha pili.