Jiwe la Jikoni na Pumzi ya Fundi

Ni jambo lisilofichika kwamba majiko ya Visiwani yamebadilika. Bibi zetu walipika juu ya mafiga, na kazi ya kukuna, kukata na kutwanga ikafanyika uani, mtu akiwa amekalia mbuzi au kibao. Leo mwenye kujenga, awe Fuoni au awe Chake Chake, hutaka jiko la kusimama, lenye sinki, makabati na meza ndefu ya jiwe iliyojengwa ukutani, ile ambayo mafundi wetu wanaiita kaunta. Sisi hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Mwenye kupika anastahili kufanya kazi yake wima, mahali safi, penye kufutika kwa urahisi. Na jiwe lililochaguliwa vyema laweza kudumu kuliko mtu aliyelinunua.

Lakini yapo maswali mawili ambayo wanunuzi wetu walio wengi hawayaulizi, na ambayo wakubwa wetu maofisini nao hawajayauliza kwa sauti ya kutosha. La kwanza: jiwe hili ni jiwe gani? La pili: limekatwa vipi, na aliyelikata anavuta hewa gani? Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa kutouliza swali la kwanza, mwananchi hupoteza fedha zake. Kwa kutouliza la pili, kijana wa watu aweza kupoteza mapafu yake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Unguja na Pemba hazina majabali ya graniti. Jiwe letu ni la matumbawe, ndilo tulilojengea na ndilo tulilochoma tukapata chokaa. Kwa hiyo bamba la graniti au la marumaru linaloingia katika jiko la Kisiwani limekuja kwa chombo, ama kutoka Bara, ama kutoka nchi za mbali zaidi. Mnunuzi hulikuta dukani limekwisha kung'arishwa, na kila bamba lililong'arishwa humvutia mtazamaji. Tena majina nayo yanachanganya. Neno marumaru siku hizi limekuwa jina la karibu kila kigae kinachong'aa, hata kile cha udongo kilichochomwa kiwandani, na neno graniti limekuwa jina la karibu kila bamba gumu.

Ukweli ni huu. Marumaru halisi ni ndugu wa jiwe letu la chokaa, lililopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi kwa muda mrefu mno. Kila Mzanzibari aliyepata kumwagia ndimu au siki juu ya chokaa anajua kinachotokea: hutoa povu, na chokaa huliwa. Ndivyo inavyokuwa kwa marumaru. Maji ya ndimu, ukwaju, siki, embe mbichi na tungule hula uso wake na kuacha baka lililofifia ambalo kitambaa hakiwezi kuliondoa, kwa sababu si uchafu tena bali ni jeraha la jiwe. Katika nchi ambayo hapana mchuzi wa samaki bila ndimu wala urojo bila ukwaju, kuweka marumaru nyeupe pembeni ya jiko ni kutafuta majuto. Marumaru inafaa ukumbini, ngazini na msikitini. Jikoni ifae tu kwa aliyekubali mapema kwamba itazeeka pamoja naye, na haitabaki kama siku ya kwanza.

Graniti ni jiwe la namna nyingine. Lilitokana na mwamba ulioyeyuka ukapoa polepole chini ya ardhi, kama majabali yale yanayoonekana Mwanza na Dodoma. Halijali ndimu, na kisu hakilikwaruzi kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya aina zake, hasa zile nyeupe na za rangi hafifu, hunywa mafuta na rangi. Manjano yaliyochanganyika na mafuta ya nazi, yakilala usiku mmoja juu ya jiwe kama hilo, huacha doa la kukera. Ndiyo sababu hupakwa dawa ya kuziba vitundu vyake, na dawa hiyo hufifia kwa miaka, ikahitaji kupakwa tena.

Lipo na bamba la tatu, ambalo si jiwe la mlimani bali hutengenezwa kiwandani. Madini ya kwatzi husagwa, yakachanganywa na gundi ngumu na rangi, kisha yakashindiliwa kuwa bamba. Halinywi mafuta na rangi zake zinapendeza. Lakini gundi hiyo haistahimili sufuria iliyotoka motoni sasa hivi, nayo huungua na kuacha alama. Habari yake nyingine, iliyo nzito zaidi, tutaifikia.

Mwananchi asiye mtaalamu atatofautisha vipi? Asitegemee maneno ya muuzaji peke yake. Aombe kipande kilichobaki katika kukata, aende nacho nyumbani. Akitie tone la maji ya ndimu, akiache kwa dakika 10, kisha akifute na kukiinamisha penye mwanga. Kikiwa kimefifia pale palipokuwa na tone, hilo ni jiwe la jamii ya chokaa, hata likiitwa graniti mara mia. Pembeni yake atie tone la maji matupu. Jiwe likigeuka rangi na kuwa jeusi baada ya dakika chache, hilo linakunywa, na litahitaji dawa. Mwisho akipake mafuta yenye manjano, akilaze mpaka asubuhi. Kipande hicho kitamweleza mengi kuliko kutwa nzima ya mazungumzo dukani.

Kuishi na jiwe nako kuna adabu zake. Lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, si kwa siki wala kwa dawa kali za chooni. Ndimu ikatiwe juu ya kibao. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kata au kipande cha mbao, maana hata graniti, ikipata joto kali mahali pamoja kwa ghafla, yaweza kutoa ufa, hasa kwenye ile sehemu nyembamba iliyo mbele na nyuma ya sinki. Kinu kibaki sakafuni. Doa la mafuta likishaingia, bikaboneti ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo hata ikawa uji mzito, ikapakwa juu ya doa na kufunikwa usiku kucha, hufyonza sehemu kubwa ya mafuta hayo. Si mara zote doa litatoka kwa siku moja. Huenda mtu akarudia mara kadhaa.

Kwa wakazi wa Mji Mkongwe tunaongeza neno moja. Graniti yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa kilo zipatazo 80 kwa kila mita moja ya mraba. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 hukaribia kilo 150, kabla ya kuweka juu yake hata sahani moja. Majumba yetu ya kale yanasimama kwa kuta za matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani zimelazwa juu ya boriti za mikoko, ambazo nyingine zimekula chumvi na mchwa kwa vizazi. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila boriti inayovunjika ndani yake ni hasara ya wote. Kabla hajapandisha jiwe ngazini, mwenye nyumba amwite fundi anayejua boriti, na apate idhini ya mamlaka inayohusika.

Hayo yote ni hasara za fedha na za nyumba, nazo zinarekebishika. Sasa tuje kwenye hasara isiyorekebishika.

Asimame mtu mbele ya karakana yoyote inayokata mawe makavu kwa grenda. Ataona wingu jeupe, na ndani ya wingu hilo kijana aliyejifunga kitambaa puani, nyusi zake zimekuwa kama za mzee. Wapita njia hucheka na kwenda zao. Lakini vumbi lile linaloonekana silo la kuogopwa zaidi. La kuogopwa ni lile jembamba lisiloonekana kwa jicho, ambalo kitambaa hakilizuii, na ambalo huteremka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Likiwa ni vumbi la kwatzi, mapafu hujijeruhi yakijaribu kupambana nalo, yakafanya makovu, na makovu hayo huziba njia ya pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Aghalabu hujitokeza baada ya miaka mingi ya kazi, lakini vumbi likiwa kali hujitokeza mapema zaidi. Mwenye kuwa nao hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko wenziwe. Tena tangu mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la kwatzi katika kundi la vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani.

Mawe hayalingani katika jambo hili. Marumaru kwa kawaida huwa na kwatzi kidogo. Graniti huwa nayo nyingi, mara nyingi kama theluthi moja hivi ya jiwe lote. Bamba lile la kiwandani laweza kuwa na zaidi ya asilimia 90. Ndiyo maana wakataji wa mabamba hayo waliugua katika nchi za mbali zenye hospitali na wakaguzi kuliko sisi: Israel, Hispania, Marekani na Australia, wengine wakiwa bado vijana. Australia ilifika mahali ikaona kwamba masharti hayatoshi, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mabamba hayo. Nchi tajiri imeyakataa. Je, sisi tungoje mpaka mapafu ya vijana wetu yatoe ushahidi upya?

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba karakana zetu ni ndogo, mitaji ni haba, na maji yenyewe ni ya kununua. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mashine ya kukatia iliyoundwa kutumia maji hulilaza vumbi pale pale linapozaliwa, na maji yake yaweza kukusanywa katika pipa, yakatulia na kutumika tena. Hatusemi fundi amwagie maji grenda ya kawaida, kwani hapo atakimbia vumbi akafe kwa umeme. Tunasema apatiwe mashine inayofaa, iliyounganishwa na swichi ya kukata umeme kwa usalama. Tope linalobaki lizolewe lingali bichi, maana likikauka na kufagiwa huwa vumbi tena. Na nguo za kazi zisirudi nyumbani kukung'utwa mbele ya watoto.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa Serikali katika mambo manne. Kwanza, Sheria ya Usalama na Afya Kazini tunayo tangu mwaka 2005. Wakaguzi wake wafike katika karakana za mawe, na kukata kwa maji kuwe sharti la leseni. Pili, kila bamba linaloteremshwa bandarini liandikwe kwa lugha ya Kiswahili ni jiwe la aina gani, na kama ni la kiwandani lisemwe hivyo. Tatu, vijana wanaofundishwa uashi katika vituo vya mafunzo ya amali wafundishwe habari za vumbi siku ile ile wanayokabidhiwa grenda, na walio kazini wapimwe vifua vyao kila mwaka. Nne, Serikali ianze na nafsi yake. Katika kila zabuni ya ofisi, hospitali au skuli, iandikwe kwamba mawe yatakatwa kwa maji. Mnunuzi mkubwa kuliko wote akiweka sharti hilo, wafanyabiashara watalifuata bila ya kusukumwa.

Na sisi wananchi tusikae tukiisubiri Serikali. Anayenunua ndiye mwenye sauti. Akishachagua jiwe lake, aende karakana akaone linavyokatwa. Akilikuta linakatwa kavu, amwambie fundi kwa heima na upole kwamba yuko radhi kungoja siku mbili zaidi na kuongeza kidogo, lakini hayuko radhi kula juu ya meza iliyomgharimu mtu pumzi yake. Masheha nao, ambao karakana hizi ziko katika shehia zao, walijue jambo hili na walisemee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, na karakana zetu bado zinahesabika. Kuziba leo ni kazi ya mashine chache, maji kidogo na karatasi moja ya masharti. Kukishakuwa na wodi nzima ya vijana wanaohangaika kuvuta pumzi, hapana ukuta utakaoweza kujengwa.