Fungueni Koki, Maji Yatoke

Tangi la kompresa lina koki chini. Tunaanza hapo kwa sababu ukipita kwenye vibanda vya pancha Katesh, karakana za uani Mbulu mjini, na kwa mafundi wa trekta njia ya Bassotu, utakuta watu waliokaa na mashine hiyo miaka mitano bila kuigusa koki yenyewe. Nyingine zimepakwa rangi pamoja na tangi, mpaka huwezi kujua kama ni koki au ni nundu ya chuma.

Koki hiyo ni ya kutolea maji. Na maji yamo, hata kama mashine yako inavuta hewa tu, kwa kuwa hewa yenyewe ina maji. Aliyeamka Mbulu asubuhi ya baridi akakuta ukungu umelala bondeni hahitaji kuelezwa. Kompresa inaichukua hewa hiyo na kuibana mpaka ibaki sehemu ya tisa au ya kumi ya nafasi yake. Ikipoa ndani ya tangi, maji yanakosa pa kukaa, yanashuka chini. Mashine ya kawaida ya karakana, ile inayosukuma lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi saa nzima inaweza kuacha nusu glasi ya maji. Saa moja tu. Sasa hesabu msimu mzima wa mavuno, matairi ya trela na mikokoteni ya punda yamepanga foleni mlangoni.

Maji hayo yanalala kwenye chuma usiku na mchana, na kutu inakula kutoka ndani. Nje tangi linang'aa, rangi nyekundu safi, mwenyewe analifuta kwa kitambaa kila Jumamosi. Chini, pale maji yanapotuama, bati limebaki kama la kopo.

Watu husema, "Ni upepo tu." Haya, tupige hesabu. Tangi lenye upana wa sentimita 40, geji ikisoma bar 8, kila kifuniko chake cha pembeni kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 10. Ni kama shehena nzima ya lori la ngano imekiegemea kipande cha chuma chenye unene wa milimita chache. Na mashine hiyo iko uani, hatua tano kutoka jikoni, watoto wanacheza karibu yake kwa sababu wanapenda kusikia inavyopumua.

Visingizio tumevisikia vyote. Koki imeganda: ng'oa, weka mpya, lakini kwanza toa upepo wote, geji isome sifuri. Koki iko chini mno, mpaka ulale kifudifudi: funga kona moja, kipande kifupi cha bomba na koki ya mpini, uilete ubavuni ambako mkono unafika. Gharama yake haifiki bei ya tairi la bodaboda. Upepo utapotea na umeme ni ghali: basi usimwage tangi likiwa limejaa. Fanya kazi ya mwisho ya jioni, zima, acha upepo ushuke mpaka bar moja au mbili, ndipo ufungue. Upepo huo mdogo utayasukuma maji nje. Iache koki wazi hadi asubuhi. Kazi yenyewe haimalizi dakika mbili.

Tena maji hayaharibu tangi peke yake. Fundi rangi anapulizia mlango wa gari, bomba linatema tone, rangi inafanya vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Analaumu rangi, analaumu duka la Arusha, anapiga msasa na kuanza upya. Aliyevifanya vijishimo amelala ndani ya tangi lake mwenyewe.

Mengine yanayosumbua mashine hizi ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Haijai upesi? Kwanza ukumbuke uko wapi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kujaa polepole kidogo ni haki yake, na hakuna sababu ya kuichokonoa swichi ili ipandishe presha. Baada ya hapo kagua chujio la hewa, maana vumbi la barabara zetu linaliziba haraka. Kisha chukua maji ya sabuni na brashi, pitisha kwenye kila kiungio. Penye povu ndipo upepo unapotokea. Wakati wa chakula cha mchana jaza tangi, zima, usome geji, ukirudi usome tena. Tofauti yake ndiyo umeme unaoulipia bila kazi.

Mota inaguna na haizunguki? Sikiliza inapozima. Inatakiwa kupumua kifupi, psss, halafu kimya. Isipopumua, inalazimika kuanza na mzigo wa upepo juu ya pistoni, na koili itaungua. Ikiendelea kuvuja pale kwenye swichi bila kunyamaza, valvu ndogo inayozuia upepo kurudi, pale bomba linapoingia kwenye tangi, ina uchafu au imekufa. Tazama na waya uliovutia umeme kutoka sebuleni. Waya wa taa hauwezi kubeba mota ya kompresa, hata ungekuwa mfupi. Na oili ikigeuka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka mpya.

Yapo mambo mawili ambayo hatutayajadili kwa upole. La kwanza ni kuchomelea kiraka kwenye tangi lililotoboka. Tundu moja la kutu lina ndugu zake pembeni ambazo bado hazijatokeza, na moto wa kuchomelea unazidi kulidhoofisha bati lililokwisha kuliwa. Tangi hilo halina dawa, liende kwa wauza chuma chakavu likiwa limekatwa, asije mwingine akalinunua. La pili ni kuziba valvu ya usalama kwa bolti kwa sababu "inapoteza upepo." Anayefanya hivyo ameondoa kitu pekee kinachoilinda nyumba yake swichi ikigoma kuzima. Vuta pete ya valvu hiyo mara moja kwa mwezi. Isipotoa upepo, nunua nyingine siku hiyo hiyo.

Matangi ya upepo hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Lakini karakana ya uani haina kibao, mkaguzi ataijuaje? Halmashauri inajua, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni ya biashara. Hanang na Mbulu waongeze swali moja wanapomfikia fundi: koki iko wapi, hebu ifungue tuone. Tangi kuukuu lijazwe maji na lipimwe kwa presha ya maji kabla ya kutiwa upepo. Likishindwa katika kipimo hicho litalowesha sakafu tu, kwa kuwa maji hayabaniki kama upepo.

Lakini usimngoje mkaguzi. Leo jioni weka beseni jeupe chini ya koki, fungua taratibu, tazama. Maji yakitoka na rangi ya chai hafifu kisha upepo mkavu, umewahi, endelea hivyo kila siku. Yakitoka mazito, mekundu, yakiacha magamba ya chuma ndani ya beseni, chomoa plagi na usiiwashe tena mashine hiyo mpaka tangi lipimwe.