Mizani ya Mpemba na Meli ya Pemba

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda mpaka wa Zambia hupita hapa petu Nanyala, kisha Mlowo na Vwawa, na kabla hajafika Tunduma hukuta mahali paitwapo Mpemba. Ndugu zetu wa visiwani wanaokuja huku kwa biashara hulicheka jina hilo, wakauliza ni nani aliyewatangulia kuhamia bara. Hapo Mpemba pana mizani. Kila lori la mzigo hupanda mizani hiyo, liwe limebeba mbolea, mafuta au saruji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na gari lililozidi haliruhusiwi kuendelea mpaka mambo yake yamenyooshwa. Hatujapata kumsikia dereva akimwambia mpima mizani kwamba Mungu atalifikisha lori lake salama.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu barabara ya lami, ikiharibika, hutengenezwa tena kwa fedha. Kwa wakazi wa Unguja, Pemba, Mafia, Ukerewe na Ukara, barabara yao ni maji, na chombo kikizidiwa juu ya maji hayo hakuna fedha inayorudisha kilichopotea. Hata hivyo gunia la saruji la Tunduma linapimwa kwa makini kuliko anavyohesabiwa mtoto anayepandishwa meli akiwa mgongoni mwa mama yake.

Haya tunayoyasema si ya kuambiwa. Kwa miaka mingi shughuli za kazi na za udugu zimetupandisha vyombo kati ya Dar es Salaam na Malindi, kati ya Malindi na Mkoani, na katika Ziwa Nyasa kutokea Kyela, ambako watu wa mkoa wetu hutelemkia wanapotaka kwenda ng'ambo za Ludewa na Mbamba Bay. Mtu wa bara akisafiri sana kwa maji hujifunza kutazama mambo ambayo mwenyeji ameyazoea mpaka hayaoni tena.

La kwanza kutazama ni ubavu wa meli kabla ya kukanyaga ngazi. Huko kumechorwa duara lililokatwa katikati na mstari. Alama hiyo ilipewa nguvu ya sheria Uingereza mwaka 1876, kwa jitihada za mbunge Samuel Plimsoll, aliyekuwa amechoshwa na matajiri waliozijaza meli kupita kiasi huku wakiwa wamezikatia bima. Maji yakiwa yameumeza mstari unaohusika, chombo kimezidiwa, na haihitaji mtu awe mhandisi kuliona hilo. Hiyo ndiyo mizani ya Mpemba ya baharini, na imechorwa wazi mbele ya macho ya kila abiria. Tunashangaa kwamba shuleni watoto wa visiwani hufundishwa alama za barabarani, na wachache mno hufundishwa alama hii.

La pili ni tikiti. Inunuliwe dirishani, kwa jina halisi la msafiri, na majina ya watoto yaandikwe hata kama hawalipi nauli. Abiria anayepenyezwa na mpigadebe kwa jina la mwingine huenda akapata nafuu ya shilingi chache, lakini kwa daftari la meli hayumo safarini. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ziko jamaa ambazo hadi leo haziwezi kuonyesha karatasi yoyote yenye jina la mtu wao.

Kuhusu kulewa na bahari, ambako ndiko hofu kubwa ya watu wa milimani kama sisi, hakuna maajabu. Asipande mtu na tumbo tupu wala tumbo lililoshiba. Kipande cha mkate na chai ya tangawizi vinatosha. Akae katikati ya chombo, daraja la chini, maana omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, asiiname kusoma. Anayetumia vidonge avimeze kabla ya ng'anda kufunguliwa, kwani baada ya tumbo kuchafuka havisaidii. Na wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, asikazanie kusafiri siku ambayo manahodha wenyewe wanasitasita. Mkondo wa Nungwi haujali haraka ya mtu.

Akishaketi, ajue njia mbili za kutokea na mahali yalipowekwa majaketi okozi, aulize kama yapo ya watoto, na alijaribu lake. Wapo watakaomcheka. Mizigo isiwekwe njiani wala kwenye ngazi. Hapa lazima tuwaseme wenzetu wa bara, ambao hushuka na magunia ya maharage na viazi na kuyarundika mlangoni kana kwamba wako ndani ya basi la Tunduma. Na meli inapokaribia gati, watu wakae kwenye viti vyao. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa meta chache tu kutoka gati la Ukara, na iliripotiwa kwamba abiria walikuwa wameanza kusogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Anayejua kujumlisha ataona mara moja kivuko kile kilikuwa kimebeba watu wangapi.

Hapo ndipo wasia kwa abiria unapofika ukingoni, na neno linawageukia wenye mamlaka. Abiria hawezi kufunga lango la bandari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967, iliondoka Unguja kwenda Pemba na kuzama mbele ya Nungwi. Iliruhusiwa kuchukua abiria mia sita na ushei. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,000. Iliripotiwa kwamba baadhi ya abiria waliona jinsi meli ilivyojaa wakakataa kupanda. Wananchi hao walifanya kwa macho yao kazi ambayo wengine walikuwa wakilipwa mshahara kuifanya. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya ghuba, si kwa bahari ya kusi. Waziri aliyehusika kule Zanzibar alijiuzulu, na tunakiri kwamba kujiuzulu ni uungwana. Lakini hakuwezi kumhesabu abiria anayepita langoni leo.

Katika mwaka huo huo wa 2012 wenzetu wa Ulaya nao walipata msiba. Meli ya anasa ya Costa Concordia, iliyokuwa na watu 4,229, iligonga mwamba mbele ya kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari, na watu 32 wakafa. Ilionekana kwamba mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ukarekebishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 meli za namna hiyo hulazimika kuwafanyisha abiria wapya zoezi hilo kabla ya kuondoka au mara tu zinapoondoka. Tajiri aliyelipa maelfu ya dola ili astarehe husimamishwa na kuonyeshwa namna ya kulifunga jaketi okozi. Je, mchuuzi wa Mkoani anayekwenda Malindi na kapu la samaki maisha yake ni ya bei nafuu?

Tusidanganyane kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ambacho leo huunda majumba hayo yanayoelea, ndicho kilichoiunda ile MV Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Ilisafirishwa vipande vipande ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuungwa huko. Ilizamishwa makusudi na Wajerumani mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na ikaendelea kuwachukua watu hadi Kasanga na Mpulungu kwa miongo mingi. Chombo kikitunzwa hudumu. Linalotusumbua si uchache wa ufundi.

Hatusemi kwamba Serikali zetu mbili zimekaa bure. Serikali ya Mapinduzi ilileta MV Mapinduzi II mwaka 2015, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200. Ziko Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na, kwa upande wa bara, TASAC, na kila moja ina sheria yake. Lakini katika bandari moja, ambayo hatutaitaja, tumemwona mkaguzi akiwa amesimama mbali na ngazi, akizungumza na wenye chombo, huku watu wakipanda bila ya kuhesabiwa. Sheria ilikuwepo kwenye kabati.

Lipo pia jibu ambalo huwasikitisha wenye elimu ya dini, nalo ni lile la kusema kila chombo kinapozama kwamba ilikuwa kudura. Kudura tunaiamini. Lakini sisi sote tuliopita chuoni tulisomeshwa kisa cha Bedui aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Ofisa aliyeachia watu 2,000 kwenye chombo cha mia sita hakumfunga ngamia. Asijifiche nyuma ya kudura mbele ya mayatima.

Kwa hiyo tunawataka wahusika wafanye mambo machache, na yote yanawezekana kwa gharama ya rangi na kalamu. Idadi ya abiria iliyoruhusiwa iandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya lango la kila meli na kila kivuko, ili mwananchi aisome kabla hajapanda. Anayehesabu akae mguuni pa ngazi, awe mtumishi wa umma na si mtu wa mwenye meli, na ahesabu mpaka mtoto mchanga. Nakala ya orodha ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Maelezo ya kujiokoa yatolewe kwa Kiswahili na baharia aliyeshika jaketi mkononi, si kwa kanda inayolia peke yake huku watu wakitafuta viti. Na abiria anayekataa kupanda chombo kilichojaa arudishiwe nauli yake siku ile ile, bila ya kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Mpima mizani wa Mpemba hahitaji waraka mpya kila asubuhi ili alisimamishe lori. Tungependa kuona mwenzake akiwekwa Malindi, Mkoani, Wete, Kyela na Ukara kabla kusi ijayo haijaanza kuvuma.