Neno Litangulie Jaribu



Katika parokia zetu Biblia inaheshimiwa sana. Siku ya sikukuu hubebwa kwa maandamano, ikiinuliwa juu, mama wakipiga vigelegele na vijana wakicheza mpaka altareni. Ibada ya Misa iliyoidhinishwa na Roma mwaka wa 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, imetuzoeza kulipokea Neno kama watu wanavyompokea mkubwa wao. Heshima hiyo ni njema. Lakini mgeni tunayemshangilia hivyo siku ya Jumapili, Jumatatu anakaa kwa nani?

Neno ninalotaka kuwaambia leo ni moja. Kijana Mkristo anahitaji kujifunza Maandiko kwa utaratibu, siku kwa siku na juma kwa juma, kwa sababu siku ya jaribu haitoi nafasi ya kujifunza. Siku hiyo mtu hutoa kile alichokwisha kukiweka moyoni.

Tazameni kwanza mpangilio wa Misa yetu. Katika Misa ya Kirumi iliyozoeleka penginepo, waamini huungama dhambi mwanzoni. Katika ibada yetu, tendo la toba huja baada ya masomo, mahubiri na Kanuni ya Imani. Halafu tunatakiana amani. Ndipo vipaji vinapelekwa altareni. Mpangilio huo una mafundisho makubwa. Mungu husema kwanza. Mwanadamu akiisha kusikia, hujitambua. Akijitambua, hupatana na ndugu yake. Akipatana naye, hutoa sadaka.

Basi, asiyesikia ataungama nini? Ataungama yale tu ambayo jirani huyaita mabaya. Yale ambayo mtaa mzima umeyazoea hayatamsumbua. Asiyemsoma nabii Amosi aweza kufikiri kwamba kupunguza kipimo sokoni ni akili ya biashara. Amosi aliwakemea waliosubiri kwa hamu sabato ipite ili wafanye kipimo kuwa kidogo, wadanganye kwa mizani, na kuwauzia maskini takataka za ngano. Maneno hayo yalisemwa karne nane kabla ya Kristo, na leo bado yanatembea katika masoko yetu. Dhamiri isiyolishwa na Neno hulishwa na desturi, na desturi zetu si zote safi.

Tumtazame pia Bwana wetu mwenyewe. Jangwani, akiwa na njaa, alijaribiwa mara tatu. Katika Injili ya Mathayo, majibu yake yote matatu yametoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Hakufungua kitabu, alijibu kwa Neno alilokwisha kulishika. Naye Luka, mara baada ya habari ya majaribu, anatuambia kwamba kuingia katika sinagogi siku ya Sabato, mahali ambapo Maandiko yalisomwa, kulikuwa desturi yake. Kama Mwana wa Mungu alikuwa na desturi hiyo, sisi tutaiachaje?

Tena kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: Shetani naye alitumia Maandiko. Alichukua maneno ya Zaburi ya 91, iliyo ahadi ya ulinzi kwa mwenye kumtumaini Mungu, akayageuza kuwa sababu ya kumjaribu Mungu. Kwa hiyo kujua aya mojamoja hakutoshi. Kijana anayeishi kwa vipande vya Biblia, vile anavyotumiwa katika simu kila asubuhi au anavyosikia vikipigiwa kelele katika kipaza sauti, aweza kudanganywa kwa Biblia hiyohiyo. Ataambiwa atoe fedha zake zote ili Mungu amrudishie mara mia, naye hataweza kuuliza swali lolote. Anayesoma kitabu kizima kwa subira hujua sauti ya Mchungaji, na akisikia sauti ya mgeni huitambua.

Nchi yetu ina shahidi wa jambo hili, naye alikuwa kijana kama ninyi. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alifanya kazi Goma, katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kongo kama mfano wa uaminifu. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Uamuzi wa namna ile hauzaliwi dakika ile fedha inapowekwa mezani. Floribert alikuwa mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo huweka pamoja sala, kusikiliza Neno na urafiki na maskini. Huko Goma aliwajali watoto wa mitaani. Moyo wake ulikuwa umetayarishwa kwa miaka. Jaribu lilipofika lilikuta nyumba ina mwenyewe.

Ninyi nanyi mtafikiwa. Mmoja ataambiwa atie sahihi karatasi ya uongo ofisini. Mwingine ataambiwa achukue bunduki, kwa kuwa kabila lake linamhitaji. Binti ataambiwa kwamba bila kuutoa mwili wake hatapata alama shuleni wala kazi. Saa hiyo hakuna atakayewapa muda wa kwenda kumwuliza katekista.

Tufanyeje basi? Kanisa limekwisha kututengenezea njia. Masomo ya Jumapili yamepangwa kwa miaka mitatu: Mwaka A tunamfuata Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, naye Yohane husikika hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Kikundi chenu kikutane siku moja katikati ya juma, kisome Injili ya Jumapili inayokuja. Nyumbani, anayeanza aanze na Marko. Ana sura 16. Kwa sura moja kila siku, zitakuwa zimekwisha kabla ya juma la tatu kufika mwisho.

Mkikutana, mwaweza kutumia njia ya hatua saba iliyotoka katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na kuenea katika jumuiya nyingi za Kikristo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kunyamaza, kushirikishana, kutafuta kazi ya kutenda, na kusali. Hatua ya sita ndiyo inayorukwa kwa urahisi, nayo ndiyo inayopima nyingine zote. Kikundi kilichosoma habari ya Msamaria mwema kisha kisimtembelee mgonjwa yeyote mtaani, kimesoma nusu.

Najua wapo watakaosema hawana Biblia. Wakristo wa kwanza nao walikuwa wachache wenye vitabu. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Biblia moja yatosha kundi zima likikaa pamoja. Wengine watasema kwamba Maandiko ni magumu. Ni kweli. Yule mkuu kutoka Ethiopia, katika Matendo ya Mitume, alimkiri Filipo kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Lakini kumbukeni kwamba Filipo alimkuta tayari anasoma. Mwongozo humfikia aliye njiani. Padri, katekista na wazee wa jumuiya wapo. Wapelekeeni maswali yenu.

Na wapo wanaodhani kwamba kusoma Biblia ni kazi ya ndugu zetu Waprotestanti, sisi tukitosheka na Sakramenti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka wa 1965, uliwahimiza waamini wote kusoma Maandiko mara kwa mara, ukikumbusha fundisho la Mtakatifu Yeronimo kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Meza ya Neno na meza ya Mwili wa Bwana ziko katika nyumba moja.

Vijana wapendwa, kisima huchimbwa kabla ya kiu. Chimbeni sasa, kidogo kila siku, pamoja na wenzenu. Mwenye Heri Floribert atuombee, na Bwana alifanye Neno lake likae ndani yetu kabla adui hajabisha hodi.