Wahandisi na masomo ya lugha: tusiyafute, tuyabadilishe

Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi hunung'unika vilevile: tumekuja kusoma umeme na hesabu, haya masomo ya mawasiliano na maendeleo ni ya nini? Vyuo vikuu vingi vya Kenya huyalazimisha. Jirani zetu nao, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamefundisha Taaluma za Maendeleo kwa wanafunzi wa fani mbalimbali tangu miaka ya 1970.

Malalamiko nayaelewa. Ada ni kubwa, na mengi ya masomo hayo ni kunakili notisi, kukariri, kufanya mtihani na kusahau. Lakini kuyafuta ni kosa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Jaa la Kibarani lilipofungwa, taka nyingi za Mombasa zilielekezwa Mwakirunge. Tuseme mwanafunzi anaunda programu ya simu ya kuwaunganisha waokota taka wa Mwakirunge na wanunuzi wa chupa na vyuma. Kwa Kiingereza, neno moja la kusema kitu "kimefutwa" latosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili ujumbe umefutwa, picha imefutwa, kifurushi kimefutwa, majina yamefutwa. Ukiandika mstari mmoja tu, "%s imefutwa", siku moja simu itasema "mteja imefutwa". Kwa hiyo kila nomino kwenye hifadhidata yahitaji kubeba ngeli yake. Hiyo ni mantiki ya programu kabisa, na wengi wetu ngeli tuliziacha kidato cha 4!

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama ile haiwezekani bila watu kukaa na kukubaliana istilahi kwanza.

Na lugha za kigeni je? Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017, ilijengwa na kampuni ya China. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005. Mhandisi anayeweza kumuuliza mwenzake swali kwa Kichina hangoji mkalimani, na hajifunzi kwa kuchungulia.

Ningepewa nafasi ya kupanga, ningefanya hivi:

1. Muhula mmoja wa Kiswahili cha kiufundi, alama zitokane na mradi wa mwanafunzi mwenyewe.
2. Somo la maendeleo litoke darasani. Nenda Mwakirunge, uliza, andika ripoti ya ukurasa mmoja, kisha wasomee wenyeji wakusahihishe.
3. Lugha ya kigeni iwe ya hiari, lakini ihesabiwe kwenye shahada.

Asiyejua kuuliza swali kwa lugha ya mtumiaji atabuni jibu, na mtumiaji ndiye atakayeumia.

Nyinyi mliopita chuoni, mwaonaje? Masomo hayo yaliwafaa, au yaliwala muda tu?